Kemia ya mwaka wa kwanza chuoni: anzia kwenye moli

Wanaofeli kemia ya mwaka wa kwanza ni nadra kufelishwa na atomu. Wengi hufelishwa na hesabu, tena hesabu za kawaida: uwiano, kubadili vizio, nukta ya desimali iliyohama mahali pake. Kozi yenyewe huitwa kemia ya jumla, na katika vyuo vingi hugawanywa kwa mihula miwili yenye mihadhara na maabara. Darasani wanakutana watu wa kila aina: watakaokuwa wauguzi, wahandisi, wafamasia, wanabiolojia, na wachache watakaobaki na kemia yenyewe. Kwa kuwa kozi inawahudumia wote hao, mada ni nyingi na kila moja hupewa siku chache tu.

Mwanafunzi akiona orodha ya sura ishirini hudhani ana mambo ishirini ya kukariri. Hana. Ana jambo moja kubwa, nalo ni kuhesabu chembe kwa kutumia mizani, kwa kizio kiitwacho moli. Sehemu kubwa ya muhula wa kwanza na karibu nusu ya muhula wa pili ni jambo hilohilo linalorudi kwa sura nyingine. Ndiyo maana hatua za hapa chini hazina urefu sawa: nyingine utazivuka kwa siku mbili, nyingine itabidi uzikalie.

Hatua ya 1: Kagua hesabu zako kabla ya mhadhara wa kwanza

Kozi nyingi za ngazi hii hazidai kalkulasi. Zinadai uweze kuandika namba kwa vipeo vya kumi, kutatua mlinganyo wenye kisichojulikana kimoja, kupiga uwiano, kusoma mteremko wa grafu na, ukifika muhula wa pili, kutumia logi. Kama mojawapo inakusumbua, irudie sasa, maana mhadhiri hatasimama kuieleza.

Izoee kalkuleta yako. Kitufe cha vipeo, ambacho huandikwa EXP au EE, tayari kina "mara kumi kwa kipeo" ndani yake. Ukiingiza 6.02, ukabonyeza alama ya kuzidisha, ukaandika kumi, kisha ukabonyeza EXP na 23, jibu lako limekuwa kubwa mara kumi bila wewe kujua. Kosa hili huonekana kila mwaka, hata kwa wanafunzi wazuri.

Halafu jenga tabia moja: andika kizio pembeni ya kila namba, hata kwenye karatasi ya kutupa. Vizio huzidishwa na kugawanywa kama namba, na vinavyofanana juu na chini hufutana. Chukua zebaki, ambayo kila mililita yake ina gramu 13.6. Mililita 25.0 zina gramu ngapi? Zidisha gramu kwa mililita na mililita; mililita zinafutana, zinabaki gramu 340. Ukigawanya kwa bahati mbaya, utaishia na mililita za mraba juu ya gramu. Kizio cha namna hiyo hakina maana yoyote hapo, na chenyewe kinakuonyesha umekosea kabla ya msahihishaji.

Tarakimu muhimu huwaudhi wengi, ingawa wazo lake ni dogo: jibu lisijidai kuwa na usahihi ambao kipimo hakikuwa nao. Mizani iliyosoma gramu 2.5 haiwezi kuzaa jibu la 1.38427. Ukizidisha au kugawanya, fuata namba yenye tarakimu muhimu chache zaidi. Ukijumlisha au kutoa, fuata yenye nafasi chache za desimali. Punguza tarakimu mwishoni tu. Ukizikata katikati ya hesabu, makosa madogo hujikusanya hadi jibu linahama.

Hatua ya 2: Jifunze majina na alama

Kukariri kupo, ila si kwingi kama watu wanavyotishana. Jedwali la elementi lina elementi 118, lakini alama kama arobaini zinatosha kukuvusha mwaka, na mitihani mingi hukupa jedwali lenyewe. Tumia muda wako kwenye mielekeo yake: kutoka kushoto kwenda kulia katika mstari mmoja atomu kwa jumla zinapungua ukubwa, na kutoka juu kwenda chini katika safu moja zinaongezeka. Nguvu ya jedwali iko hapo. Mendeleev alipolichapisha mwaka 1869 aliacha nafasi tupu na kutabiri tabia za elementi zilizokosekana. Galiamu ikapatikana 1875 na gemaniamu 1886, zote zikikaa kwenye nafasi alizoziacha.

Cha kukariri kwa dhati ni ioni (chembe zenye chaji ya umeme) zenye atomu zaidi ya moja, kwa sababu hazisomeki kwenye jedwali: amoniamu NH₄⁺, naitreti NO₃⁻, salfeti SO₄²⁻, kaboneti CO₃²⁻, fosfeti PO₄³⁻, haidroksaidi OH⁻. Ziandike kwenye kadi ndogo, jina upande mmoja, alama na chaji upande wa pili. Mtu akijua "naitreti" bila chaji yake, hajui kitu cha kumsaidia. Ukishazijua chaji, fomula zinajiandika zenyewe. Kalsiamu ni +2, fosfeti ni −3. Ili chaji zifutane unahitaji kalsiamu tatu na fosfeti mbili, yaani Ca₃(PO₄)₂.

Historia ya atomu hupitiwa haraka: elektroni ya Thomson mwaka 1897, kiini cha Rutherford 1911, neutroni ya Chadwick 1932. Usipoteze usiku kwa tarehe hizo. Bora uelewe kwa nini uzito wa klorini kwenye jedwali ni 35.45 wakati hakuna hata atomu moja ya klorini yenye uzito huo. Klorini ya kawaida ni mchanganyiko wa isotopu mbili, yaani atomu za elementi ileile zenye uzito tofauti, ya 35 na ya 37. Ya kwanza ni takribani robo tatu ya zote, na namba ya jedwali ni wastani unaozingatia wingi wa kila moja.

Hatua ya 3: Usiondoke kwenye moli mpaka ikae

Hapa ndipo pa kutulia. Ukipewa wiki moja tu ya bidii katika muhula mzima, itumie hapa.

Mimenyuko ya kemia hutokea kwa chembe: molekuli hii kwa molekuli ile, atomu mbili kwa moja. Maabara haina kifaa cha kuhesabu atomu moja moja. Ina mizani. Benki ikipokea gunia la sarafu za aina moja haizihesabu kwa vidole. Inazipima, inagawanya kwa uzito wa sarafu moja, na idadi inapatikana. Moli ndiyo inayokuwezesha kufanya hivyo kwa chembe zisizoonekana. Moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo imewekwa kwa tamko, haitegemei tena gramu 12 za kaboni kama zamani. Kwenye hesabu zako 6.022 × 10²³ inatosha.

Kitu unachokitumia kila siku ni uzito wa moli moja, unaoupata kwa kujumlisha namba za jedwali. Maji, H₂O: mbili za haidrojeni ni 2 × 1.008, moja ya oksijeni ni 15.999, jumla gramu 18.015 kwa moli. Ukiwa na gramu, gawanya kwa uzito huo upate moli. Ukiwa na moli, zidisha upate gramu.

Kabla ya kwenda mbali, mlinganyo lazima usawazishwe. Atomu zilizoingia ndizo zitakazotoka. Hakuna inayozaliwa wala kufa. Mpangilio unaookoa muda katika kuungua kwa vitu vya kaboni ni huu: sawazisha kaboni, kisha haidrojeni, oksijeni iwe ya mwisho kwa kuwa inasimama peke yake upande mmoja. Propani: C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O. Kaboni tatu zinadai CO₂ tatu. Haidrojeni nane zinadai maji manne. Upande wa kulia sasa una oksijeni sita na nne, jumla kumi, kwa hiyo O₂ tano. C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O. Usiguse kamwe namba ndogo zilizo ndani ya fomula. Ukibadili H₂O kuwa H₂O₂ ili hesabu ikae, umetengeneza kitu kingine kabisa.

Sasa njia yenyewe. Kutoka gramu za kinachoingia hadi gramu za kinachotoka kuna vituo vinne: gramu, moli za kitu hicho, moli za kitu cha pili, gramu za kitu cha pili. Uwiano wa mlinganyo hutumika kati ya kituo cha pili na cha tatu tu. Anayetumia uwiano wa mlinganyo moja kwa moja kwenye gramu atakosa kila swali, na ndilo kosa linaloongoza katika mtihani wa kwanza.

Tufanye moja kwa ukamilifu, lile swali la kitu kinachoisha kwanza, maana ndilo hutenganisha aliyeelewa na aliyekariri. Una gramu 10.0 za haidrojeni na gramu 60.0 za oksijeni. Maji yatakuwa gramu ngapi?

Mlinganyo: 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Haidrojeni: 10.0 ÷ 2.016 = moli 4.96.
Oksijeni: 60.0 ÷ 32.00 = moli 1.875.

Kila moli ya oksijeni inataka moli mbili za haidrojeni. Moli 1.875 za oksijeni zinataka 3.75 za haidrojeni, nasi tunazo 4.96. Kwa hiyo oksijeni itaisha kwanza, ingawa kwa gramu ndiyo iliyokuwa nyingi mara sita. Jicho linakudanganya, moli hazidanganyi. Oksijeni ndiyo itakayoamua maji: moli 1.875 zinatoa moli 3.75 za maji, sawa na 3.75 × 18.015, gramu 67.6.

Usiishie hapo, jikague. Haidrojeni iliyobaki ni 4.96 − 3.75 = moli 1.21, yaani gramu 2.4. Maji gramu 67.6 na haidrojeni iliyobaki gramu 2.4 ni gramu 70.0, kiasi kilekile ulichoanza nacho. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika, na sijui kwa nini vitabu vingi haviuoneshi.

Mavuno halisi huwa chini ya hesabu, kwa sababu kitu humwagika, hubaki kwenye chujio au mmenyuko hauishi. Ukipata gramu 60.8 badala ya 67.6, mavuno yako ni asilimia 89.9. Ukipata zaidi ya asilimia mia, usishangilie. Mara nyingi ni kwamba ulichopima hakijakauka.

Baada ya hapo, myeyusho ni mlango mwingine tu wa kuingilia kwenye moli. Ukolezi ni moli kwa lita. Ukiwa na ujazo na ukolezi, zidisha, umepata moli, na njia inaendelea vilevile.

Hatua ya 4: Elektroni, bondi na maumbo

Katikati ya muhula wa kwanza kozi inabadilika ghafla. Hesabu zinapungua, picha zinaongezeka, na waliokuwa wakitesekea moli hupumua. Mada huanza na mwanga: haidrojeni iliyochochewa haitoi rangi zote, inatoa mistari michache tu, ukiwamo mwekundu wa nanomita 656 na wa bluu-kijani wa nanomita 486. Bohr alieleza mistari hiyo mwaka 1913 kwa kusema elektroni zina ngazi maalumu za nishati. Mfano wake ulikwama kwenye atomu zenye elektroni nyingi, na kwanta, nadharia ya tabia ya chembe ndogo kama elektroni, ikachukua nafasi. Hutatatua milinganyo ya kwanta katika kozi hii. Utatakiwa kupanga elektroni kwenye ngazi ndogo kwa mpangilio wa 1s, 2s, 2p, 3s, 3p, 4s, 3d, na kujua kwamba kromiamu na shaba hukiuka mpangilio huo.

Kisha michoro ya Lewis, inayoonyesha elektroni za nje za atomu na bondi, yaani viungo, kati ya atomu hizo. Wengi huichora kwa kubahatisha. Ichore kwa hesabu. Kwa CO₂: kaboni ina elektroni nne za nje, kila oksijeni sita, jumla kumi na sita. Weka kaboni katikati, unganisha kila upande kwa jozi moja, gawa zilizobaki kwa oksijeni kwanza. Utakuta kaboni ina nne tu pembeni yake badala ya nane. Hamisha jozi moja kutoka kila oksijeni iwe bondi ya pili, upate O=C=O. Hesabu tena: kumi na sita, wala si kumi na nane. Mchoro usio na jumla sahihi ni makosa hata ukipendeza.

Umbo linatokana na ukweli kwamba jozi za elektroni husukumana. Methani ina jozi nne za bondi na pembe za nyuzi 109.5. Amonia nayo ina jozi nne, lakini moja haijashikwa na atomu yoyote na inasukuma zaidi, hivyo pembe hushuka hadi takribani 107. Maji yana mbili za namna hiyo, na pembe ni 104.5. Ukielewa mfululizo huo wa tatu, umeelewa sura nzima.

Usipuuze sehemu hii ukiona haina hesabu. Umbo ndilo huamua kama molekuli ina upande chanya na upande hasi, na hilo huamua kinayeyuka wapi na kinachemka lini. CO₂ ina bondi zenye kuvutana kwa nguvu zisizo sawa, lakini kwa kuwa imenyooka mivuto inafutana. Maji yamepinda, mivuto haifutani, na bondi za haidrojeni kati ya molekuli zinayafanya yachemke kwa nyuzi 100 za Selsiasi, wakati H₂S, ambayo ni nzito karibu mara mbili, huchemka kwenye nyuzi 60 hivi chini ya sifuri.

Hatua ya 5: Gesi na nishati

Hizi mada mbili si ngumu. Kwa gesi una mlinganyo mmoja, PV = nRT (kanieneo mara ujazo ni sawa na moli mara R, namba isiyobadilika, mara halijoto), na mtego mmoja: halijoto lazima iwe ya kelvini. Gesi ikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 50 za Selsiasi haiongezeki ujazo mara mbili. Ni kutoka kelvini 298 hadi 323, ongezeko la asilimia 8 hivi, kanieneo ikibaki ileile. Chagua R inayoendana na vizio vyako: 0.08206 kama unatumia lita na atmosfia, 8.314 kama unatumia jouli.

Kwa nishati, tenganisha joto na halijoto kichwani mwako. Gramu 100 za maji kupandishwa kutoka nyuzi 25 hadi 100 zinahitaji 100 × 4.184 × 75, takribani kilojouli 31.4. Alama ya kutoa mbele ya jibu maana yake mmenyuko umetoa joto nje. Sheria ya Hess, ya mwaka 1840, inakuruhusu kujumlisha milinganyo kama hesabu za kawaida. Ukigeuza mlinganyo, geuza alama, ukiuzidisha kwa mbili, zidisha na joto lake.

Hatua ya 6: Muhula wa pili, hasa msawazo

Muhula wa pili huanza na kasi ya mimenyuko, kisha unaingia msawazo, halafu asidi na besi, kisha entropia (kipimo cha mtawanyiko wa nishati) na umeme wa kemia. Msawazo ndio uti wa mgongo wake.

Ondoa kwanza dhana potofu: msawazo hauna maana kwamba vitu vya pande mbili vimekuwa sawa kwa kiasi, wala kwamba mmenyuko umesimama. Maana yake ni kwamba kwenda na kurudi vina kasi sawa, hivyo viwango havibadiliki. Kipimo K ni uwiano wa mazao kwa vilivyoingia katika hali hiyo. Ukipewa viwango vya wakati wowote, kokotoa uwiano huohuo na uuite Q. Q ikiwa ndogo kuliko K, mmenyuko utasonga mbele. Ikiwa kubwa, utarudi nyuma. Maswali mengi ya sura hii yanaishia hapo, na ni njia ya uhakika kuliko kukisia kwa kanuni ya Le Chatelier ya mwaka 1884 (msawazo ukivurugwa husogea upande unaopunguza badiliko hilo), ingawa kanuni hiyo ni nzuri kwa majibu ya haraka.

Amonia ni mfano unaofaa kuukalia: N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃. Upande wa kushoto una moli nne za gesi, wa kulia mbili, kwa hiyo kuongeza kanieneo kunasukuma kulia. Mmenyuko unatoa joto, kwa hiyo kuongeza halijoto kunasukuma kushoto. Mtu angesema basi viwanda vifanye kazi kwenye baridi. Lakini kwenye baridi mmenyuko unakwenda polepole mno, hivyo viwanda hutumia nyuzi 400 hadi 500 pamoja na kichocheo cha chuma, vikikubali mavuno madogo kwa kila mzunguko na kurudisha gesi ambazo hazijamenyuka. Ukiweza kueleza aya hii kwa maneno yako, umeunganisha sura tatu: kasi, msawazo na nishati.

Kwa asidi, kumbuka kwamba pH, kipimo cha uasidi, ni logi. Tofauti ya moja ni tofauti ya mara kumi. Asidi ya haidrokloriki yenye ukolezi wa 0.010 ina pH 2.00, kwa sababu yote inaachia haidrojeni yake. Asidi ya asetiki ya ukolezi huohuo ina K ya 1.8 × 10⁻⁵. Zidisha K hiyo kwa ukolezi, upate 1.8 × 10⁻⁷. Kipeuo chake cha pili, 4.2 × 10⁻⁴, ndicho ukolezi wa ioni za haidrojeni, na pH ni 3.37. Ukolezi sawa, tabia tofauti. Ndiyo tofauti ya asidi kali na asidi dhaifu. Kadiri myeyusho wa asidi dhaifu unavyozimuliwa ndivyo njia hii ya mkato inavyopungua usahihi, kwa hiyo linganisha kila mara ioni ulizopata na ukolezi wa mwanzo. Zikizidi asilimia 5, tatua mlinganyo kamili.

Umeme wa kemia huja mwishoni, mara nyingi watu wakiwa wamechoka. Shika seli ya zinki na shaba, yenye volti 1.10 katika hali ya kawaida, ujue elektroni zinatoka zinki kwenda shaba, na mengine yafananishe nayo.

Hatua ya 7: Maabara

Maabara huwa na alama zake, na ndiyo sehemu ambayo uzembe mdogo hugharimu zaidi. Vaa miwani ya usalama tangu unaingia hadi unatoka, hata kama kazi yako imeisha, kwa sababu ya jirani yako haijaisha. Viatu viwe vya kufunika vidole. Unapozimua asidi kali, mimina asidi ndani ya maji, taratibu, ukikoroga. Ukifanya kinyume, maji machache yanayogusa asidi nyingi hupata joto la ghafla, huchemka na kurusha asidi usoni.

Zoezi utakalolikuta karibu kila chuo ni kutafuta ukolezi wa haidroksaidi ya sodiamu kwa bureti, mrija wenye vipimo na koki chini. Unatumia chumvi ya asidi iitwayo KHP kwa sababu ni imara, hainyonyi unyevu kwa urahisi, na uzito wake wa moli ni mkubwa, gramu 204.22, hivyo kosa la mizani linakuwa dogo kwa uwiano. Haidroksaidi yenyewe huwezi kuipima kwa kuiamini. Punje zake zinanyonya maji na kabonidaioksaidi hewani huku ukizitazama.

Suuza bureti kwa myeyusho utakaoutumia, si kwa maji peke yake, la sivyo matone ya maji yaliyobaki yatauzimua. Jaza, fungua koki kidogo ili hewa iliyonaswa chini ya koki itoke, kisha soma. Macho yawe usawa wa myeyusho, na usome sehemu ya chini ya mpindo wa uso wake. Mistari ya bureti ni ya mililita 0.1, wewe kadiria hadi 0.01, kwa hiyo andika 0.30, si 0.3. Weka matone mawili matatu ya fenofthaleini, kiashiria kinachogeuka waridi kwenye besi, ndani ya flaski yenye KHP. Mwanzoni kila tone la besi linaacha doa la waridi linalotoweka papo hapo. Doa likianza kukawia, punguza mwendo: tone moja, zungusha flaski, subiri. Mwisho ni waridi hafifu unaodumu nusu dakika, ule ambao lazima uweke karatasi nyeupe chini ili kuuona. Waridi wa kukolea maana yake umepita.

Hesabu: umepima KHP gramu 0.5105, sawa na moli 0.002500. Umetumia mililita 24.85, yaani lita 0.02485. Gawanya: ukolezi ni 0.1006. Rudia mpaka upate matokeo matatu yanayokaribiana. Ukikuta mawili yanakubaliana na moja liko mbali, liandike pia na useme kwa nini unaliacha. Wasahihishaji wanapenda uaminifu kuliko jedwali safi mno.

Daftari la maabara liandikwe kwa wino, palepale. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka. Vipimo vilivyoandikwa kwenye kipande cha karatasi "nitavihamisha baadaye" ndivyo hupotea.

Hatua ya 8: Wiki ya kawaida na mtihani

Pitia sura juujuu kabla ya mhadhara, dakika kumi na tano zinatosha, ili istilahi zisikushtue. Siku hiyohiyo jioni fanya maswali matatu bila kutazama mifano. Kusoma swali lililotatuliwa na kutikisa kichwa hakuna faida. Kila mtu anaelewa jibu lililo mbele yake. Funika jibu, andika, kisha linganisha. Ukikwama zaidi ya dakika kumi, nenda kwa mhadhiri au msaidizi wake na karatasi uliyoandika, uoneshe mahali hasa ulipokwama. "Sijaelewa sura ya tano" haisaidii mtu kukusaidia.

Weka daftari la makosa. Kila swali ulilokosa, andika aina ya kosa kwa maneno machache: vizio, mlinganyo haukusawazishwa, alama ya chaji, halijoto ya Selsiasi. Utaona makosa yako ni ya aina tatu nne zinazojirudia. Siku moja kabla ya mtihani soma daftari hilo, uachane na kitabu.

Ndani ya chumba, anza na maswali ya majina na michoro, yana alama za haraka. Kwenye hesabu, andika mlinganyo uliosawazishwa na vizio hata kama hujui mwisho wake, kwani njia hupewa alama. Kabla ya kuhama swali uliza kama jibu linawezekana: uzito wa atomu moja hauwi gramu 12, ukolezi hauwi hasi, na bika ya maji haina molekuli tatu.

Ukimaliza mwaka, kozi inayofuata kwa wengi ni kemia ya kaboni. Huko hutaulizwa sana PV = nRT. Michoro ya Lewis, maumbo, uvutaji wa elektroni na asidi dhaifu utaulizwa kila siku, kwa hiyo kurasa za hatua ya nne na ya sita ndizo za kupitia wakati wa likizo.